Mchana wa Safari ya Mama

Leo nimefungua dumu la mafuta ya alizeti, na harufu yake imenirudisha nyumbani kwa bibi, Kintinku, siku mama alipopanda ndege Dar es Salaam kwenda kufanya kazi Maskati. Nilikuwa bado sijaanza shule.

"Bibi, Maskati ni mbali?"

"Kwa miguu ni mbali mno, mjukuu wangu. Kwa ndege, ukilala mchana huu, ukiamka atakuwa ameshafika."

Nikajilaza juu ya magunia ya alizeti, nikafumba macho kwa nguvu. Usingizi ulikataa, mpaka bibi alipojilaza kando yangu na kuniwekea mkono wake chini ya kichwa.

Nilipoamka jioni, alinisogezea simu sikioni.

"Nimefika, mwanangu," mama alisema.

Nikamwachia bibi simu, nikakimbilia mlangoni kumpokea.