Injini Aliyoiacha Wazi

Mume wangu alishikwa na homa akiwa ameifungua injini. Asubuhi ile alikuwa ameinama juu ya kamionete, gari letu dogo la mizigo, uani pale Kalemie, na kabla ya chakula cha mchana akasema kichwa kinamuuma, anataka kujinyoosha kidogo. Aliifunika injini kwa gunia, akaosha mikono kwa sabuni na mchanga, akaingia ndani. Hakutoka tena kwa miguu yake. Tulimzika juma lililofuata, na kamionete ikabaki palepale, kuku wakilala chini yake.

Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati spea zilikuwa za kutafutwa kama dawa. Kamionete yenyewe ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwetu. Mume wangu alipakia humo chumvi, sabuni na dagaa, akaenda navyo upande wa Nyunzu na Manono, akarudi na mahindi na karanga. Mara nyingi nilikwenda naye. Kwenye barabara ya uwanja wa ndege alinifundisha kuendesha, na watu walisimama kutazama mwanamke anashika usukani.

Miezi yake ya mwisho gari lilianza kusumbua. Likisimama bila kuzimwa, lilitetemeka kama mtu mwenye baridi. Mlimani halikuwa na nguvu. Ukitega sikio ulisikia mluzi mwembamba ndani ya injini. Siku moja aliniita, akapaka povu la sabuni mahali ambapo lile bomba lenye matawi, linaloingiza hewa na esansi, yaani petroli, linaungana na chuma cha injini. Povu lilifyonzwa ndani mbele ya macho yetu.

"Unaona?" aliniambia. "Inavuta pumuzi kwenye tundu isiyo yake. Joint imekufa."

Joint ndilo jina tulilopewa na Kifaransa kwa kile kipande chembamba kinachokaa kati ya chuma na chuma ili hewa isipite. Alitafuta mpya mjini, hakupata. Mwishowe rafiki yake wa kwenye karakana ya reli alimpa kipande cha karatasi ngumu ya kukatia joint, na kuikata ndiyo kazi aliyokuwa ameianza asubuhi ile.

Baba mkwe alifika baada ya maziko. Habari ilikuwa imemkuta Kiambi, kwenye mto Luvua, naye akatoka na baiskeli yake hadi alipopata lori. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, anayetengeneza baiskeli za watu kijijini kwao. Kwa desturi yao mimi na yeye hatukupaswa kukaribiana. Mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe usoni, hampi kitu mkono kwa mkono, hali naye chakula. Nilimwekea sahani mlangoni, nikapiga goti, nikaondoka. Tukiongea, yeye alitazama barabara na mimi nilitazama chini. Hivyo watu wawili tuliomlilia mtu mmoja tuliishi katika nyumba moja bila kuonana macho yalivyovimba.

Siku moja alisema, uso wake akiwa ameugeuzia barabara, "Mama, batu ba kule kwetu banangoja nirudi na motokari ya mutoto wao."

Nilijua neno hilo lingekuja. Wajane wengi niliowafahamu waliachiwa mikeka na masufuria tu.

"Papa, motokari haitembei," nilimjibu. "Mutoto wako aliiacha imefunguliwa."

"Nani anaweza kuifunga?"

Fundi aliyekuwa akimsaidia mume wangu alikuwa amehamia Lubumbashi. Ningeweza kunyamaza, na gari lingeoza pale uani likiwa langu. Lakini kila nilipotoka kuchota maji nililiona lile gunia, na moyo ulikuwa ukiniambia kwamba bado kuna kitu chake hakijazikwa. Nikasema, "Mimi njo nilikuwa namushikia funguo. Nilikuwa naona vile anafanya."

"Basi," akasema, "kesho tutaangalia."

Kesho yake alisimama upande mmoja wa injini, mimi upande mwingine. Vifaa tulivipanga katikati yetu, juu ya bati la mbele ya injini. Alipotaka ufunguo wa nati niliuweka pale, nikaondoa mkono, kisha yeye akauchukua. Kazi ilikwenda polepole, lakini adabu ilikuwa salama.

Mume wangu alikuwa amekwisha kutoa kabureta na lile bomba, akaweka nati zote kwenye bakuli lenye mafuta. Matundu ya injini alikuwa ameyaziba kwa vitambaa, uchafu usiingie ndani. Nilipovishika nilitambua shati lake la zamani la bluu, alilolichana mwenyewe. Kila kitambaa alikuwa amekikunja vizuri na kukisukuma kwa kidole, na alama ya kidole ilikuwa bado imebaki katika kitambaa. Nikashindwa kuendelea. Baba mkwe aliona mikono yangu imesimama. Alikwenda kukaa kwenye kizingiti, akanipa mgongo mpaka niliponyanyua kisu cha kukwangulia.

Tuliviacha vitambaa mahali pake wakati wa kukwangua. Joint ya zamani ilikuwa imeganda kwenye chuma kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, na kuikwangua bila kuchimba chuma kulitaka mkono mwepesi. Yeye alikwangua kwenye injini, mimi nikakwangua kwenye bomba, mpaka chuma kikang'aa.

Kisha nikafungua ile karatasi ngumu. Joint moja, ya kukaa chini ya kabureta, mume wangu alikuwa amekwisha kuikata. Ya pili, ya lile bomba, alikuwa ameichora tu kwa penseli, matundu yake yote na mahali pa kupita skrubu. Nilichukua wembe, nikafuata mstari wake. Nilikata taratibu kuliko ilivyohitajika. Sikutaka kufika mwisho wa mstari ule, maana baada yake hapakuwa na kazi nyingine yoyote aliyonipimia.

Shida ilitukuta wakati wa kurudisha bomba. Moja ya zile skrubu ndefu zilizosimama kwenye injini ilikuwa imeliwa na kutu, na nilipoijaribu kwa ufunguo ikakatika, ikabaki kipande kifupi tu nje. Nilikaa chini nikasema yamekwisha. Baba mkwe aliinama, akaigusa kwa kidole gumba.

"Kwa baiskeli inafanyikaga hivi kila siku," alisema. "Niletee mawese na moto."

Aliipasha moto kwa waya mwekundu kutoka kwenye makaa, akadondosha mawese, akangoja, akarudia. Kutwa nzima alirudia. Jioni ilipokaribia aliing'ata kwa koleo, lakini koleo ilikuwa ndogo na mkono wake mmoja haukutosha. Palihitajika mtu wa kubana huku yeye akizungusha. Alisita. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, alinitazama usoni. Macho yake yalikuwa ya mume wangu kabisa.

"Kuya, Mama," alisema, akiniita kwa kichwa nisogee. "Shika hapa. Bankambo batatusamehe."

Wazee wetu wa zamani wangetusamehe. Ndivyo alivyoamini, nami nikaamini. Nilibana kwa mikono miwili juu ya mkono wake, vichwa vyetu vikikaribia kugusana. Skrubu ilipiga kelele ndogo, ikazunguka, ikatoka. Asubuhi alikwenda sokoni, akaleta nyingine iliyotolewa kwenye gari bovu.

Tukavitoa vitambaa, tukapaka grisi kidogo kwenye joint, tukarudisha bomba na kabureta. Nilikumbuka mume wangu alivyokuwa akikaza: unaanza katikati, unaelekea pembeni, kidogo kidogo, upande huu na upande ule, bomba lisije likapinda. Nilimweleza baba mkwe, naye akakaza hivyo hivyo, akiniuliza kila mara, "Bado? Sasa?"

Betri ilikuwa imekufa. Majirani walitusukuma kwenye mteremko, mimi nikiwa kwenye usukani, na chini kabisa injini ikakohoa, ikashika. Nilisimama bila kuizima, nikashuka kusikiliza. Ilinguruma sawasawa, bila kutetemeka, bila mluzi. Baba mkwe aliyekuwa anakuja nyuma kwa miguu alifika, akaweka mkono juu ya gari, akasikiliza. Kisha akaketi chini barabarani, mbele ya watu wote, akalia kwa sauti, akimwita mtoto wake kwa jina la utoto ambalo sikuwahi kulisikia.

Siku ya kuondoka hakuomba nimpe ufunguo wa gari. Alipandisha baiskeli yake nyuma, naye akapanda, akakaa juu ya magunia ya chumvi, akagonga bati kwa kiganja kunijulisha yuko tayari. Nikaendesha hivyo mpaka Kiambi, vumbi likimfunika, kwa maana alikataa katakata kukaa mbele pamoja nami.

Ndugu za mume wangu walikaa kikao. Sikuitwa; nilingoja jikoni pamoja na wanawake, tukichambua majani ya muhogo. Sauti zilipanda, zikashuka. Mwishowe nilisikia ya baba mkwe peke yake.

"Mulinituma kuleta motokari, nimeileta. Lakini nilikuta imekufa. Huyu mama njo aliiamusha, na mimi nilikuwa hapo. Muntu akitaka kuichukua, aichukue kwangu kwanza."

Waliongea bado, kisha wakakubaliana: kamionete ibaki kwangu, nami kila mavuno nije kuchukua mahindi yao na kuwaletea chumvi. Niliyafanya hayo miaka mingi, mpaka gari lenyewe lilipokataa kabisa.

Mama mkwe alikuwa hajatoka ndani tangu nifike. Alikuwa mgonjwa wa miguu na hakuweza kusafiri kuja kwenye msiba wa mwanawe. Asubuhi ya mimi kurudi alijikokota mpaka kwenye gari, akaegemea fimbo.

"Alikufa akitengeneza hii?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mama. Alikuwa anaitengeneza alipoanza kuugua."

"Aliishika wapi?"

Nilifungua kifuniko cha injini nikamwonyesha. Pale, Mama, na pale. Hii aliikata yeye, ile aliichora. Ukingo mwembamba wa joint ulionekana kidogo kati ya vyuma viwili. Alinyoosha mkono, akaupitisha polepole kwenye ukingo ule, kutoka mwanzo hadi mwisho, midomo yake ikitembea bila sauti. Niliposhika kifuniko ili nikifunge, alisema, "Ngoja kidogo." Nikangoja.