Nafundisha kuuliza "kwa nini", nikashindwa kumuuliza baba mkwe

Admin, jina langu liishie kwako, maana Bukoba hapa tunajuana. Nina miaka 36, nimeolewa, naishi Kashai na ni mwalimu wa chuo. Wanaosomea kompyuta nawafundisha kumsikiliza mtumiaji kabla ya kumtengenezea programu: anahitaji nini, na kwa nini. Tafiti zote zinasema usiridhike na jibu la kwanza, chimba. Nililipigania somo hili litoke kwenye slaidi, wanafunzi wakutane na watu wenye kazi zao.

Nikawapeleka Izigo kwa wakulima wa kahawa. Mwenyekiti wao ni baba mkwe wangu, nikaona nimepata njia nyepesi. Kumbe! Nilipiga magoti kumsalimia kama ilivyo kwetu, kisha wanafunzi wakaanza. "Mzee, mnahitaji programu ya simu ya kuandikia kahawa mnayopokea?" "Ndiyo, wanangu." "Na kipengele hiki je?" "Ndiyo, kizuri sana." Sasa mimi mkamwana nimkazie macho baba mkwe, nimuulize "kwa nini"? Thubutu! Na mwenyekiti akishasema ndiyo, nani pale angesema hapana?

Wanafunzi walihangaika muhula mzima. Siku ya kukabidhi, wakulima walipiga makofi, wakala, wakaondoka. Mpaka leo hakuna aliyeigusa ile programu. Mume wangu alipomuuliza baba yake, mzee akamjibu, "Nilijua hatutaitumia. Ningemkatalia vipi mke wako mbele ya wanafunzi wake?" Nililia mimi, acheni tu.

Sasa mkuu wa idara anasema programu haitumiki, kwa hiyo somo linafutwa, turudi darasani. Maelezo yangu kwamba tatizo ni heshima, si somo, hayaamini. Anataka mzee mwenyewe aje kikaoni aseme alikubali kwa heshima tu. Mume wangu naye kaapa: "Ukimsimamisha baba yangu mbele ya wasomi aonekane mwongo, usirudi hapa." Hata kampuni iliyoahidi kuwapokea wanafunzi wangu kwa mafunzo ya kazi haipokei simu tena. Nimechoka jamani, sioni pa kutokea.

Jana mzee katuma mkungu wa ndizi na salamu: "Mwambieni mkamwana alete wanafunzi wengine, nitawakubalia chochote."

Kikao ni wiki ijayo. Nimpeleke mzee wa watu akaaibike, au niache somo life? Nisaidieni mawazo, matusi hapana.