Ukoo wa Dume Langu

Jamani, nichekeni tu. Tangu soko huria lije, dume la mbegu linauzwa kwa ukoo. Basi mnadani Bariadi nikanadi langu kwa kiapo, nikitamani bei ya nyumba ya bati.

“Baba yake ni yule dume mwekundu wa aina ya Borani, wa tajiri wa Lalago! Nilimwona kwa macho haya akimpanda ng'ombe wangu kisimani!”

Mwanamume mmoja akanisogelea taratibu. “Mayu, mama yangu, tajiri mwenyewe ni mimi. Yule mwekundu ni maksai wa plau. Kupanda anapanda, lakini tulimhasi angali mdogo.”

Mnada mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka mpaka kitenge kikalegea. Jirani yangu Kabula akanikumbatia.

“Karibu, mkwe! Siku ile kisimani, dume langu la pembe moja lilikuwa palepale.”