Deraya ya Jaspa

Kwamboka Moraa alikuwa mtu wa kutotulia. Miaka kumi na tisa ya unesi ilimzoesha kula akitembea, na mgongo ulipomtoa wodini, miguu yake ilikataa kustaafu. Surinder, fundi wa matandiko ya farasi kule ughaibuni, mtaa wa Balsall Heath, akamwajiri. Kwamboka alishona ngozi akiwa amesimama, huku Sabine, mwenzake wa kutoka Bukavu, akimlalamikia kwa Kiswahili cha kwao akae: "Mama, ikala basi! Unanizungusha kichwa."

Mwaka jana ikaja kazi ngeni. Bwana mmoja, Oliver, aliyeigiza vita vya kale mbele ya watazamaji, alitaka deraya, vazi la chuma la vitani, ya farasi wake. Iwe kama ile ya askari wapanda farasi wa Uajemi ya zamani, waliojifunika chuma wao na wanyama wao, kisha wakavunja safu za adui kwa mikuki mirefu. Magamba ya chuma elfu moja na mia mbili, yote yashonwe kwa mkono. Kwamboka akaing'ang'ania kazi hiyo peke yake, wiki kumi na moja. Hata kanisani Northfield, mahubiri yakiendelea, vidole vyake vilikuwa vikishona hewa.

Siku ya onyesho ilikuwa Julai, na joto lilikuwa la kuwasha ngozi. Jaspa, farasi mwekundu wa Oliver, akatoka amevaa chuma kuanzia shingoni hadi mkiani. Umati ukashangilia. Zamu ya kwanza ya kukimbia kama vitani, kisha ya pili. Oliver akashuka kunywa maji kabla ya zamu ya tatu.

Kwamboka akasogea. Hakujua farasi hupumua mara ngapi kwa dakika, lakini miaka ya wodini ilimfunza kumtambua kiumbe anayetafuta hewa.

"Bwana Oliver, mvue deraya."

"Imebaki zamu moja tu. Watu wanasubiri."

"Miguu inatetemeka. Na jasho limekauka, na joto lote hili!"

"Mama, wewe ni mshonaji."

Oliver akageuka kuchukua mkuki. Kwamboka akatoa kisu mfukoni. Akakata kamba za kifuani, za shingoni, za ubavuni. Deraya ikaanguka kwa kishindo.

Oliver alikuja akifoka. Kisha akaweka kiganja kwenye shingo ya Jaspa, akakiondoa haraka kama aliyegusa sufuria. "Maji!" akapiga kelele. "Leteni maji!"

Walimmwagia maji ndoo kwa ndoo. Daktari wa mifugo alipofika, Jaspa alikuwa ameinua kichwa. Akakatazwa kubeba mtu kwa mwezi mzima.

Njiani kurudi, walipofika Selly Oak, Surinder, aliyekuwa amemleta kwenye onyesho, akasema: "Umekata kazi ya wiki kumi na moja."

"Nimekata kamba. Magamba yapo."

Siku ya nne Oliver akaja karakanani, kofia mkononi. Alisema amesoma kwamba askari wale hawakuwavika farasi chuma siku nzima. Walingoja hadi karibu na kushambulia. "Ukurasa ule niliuruka," akakiri.

Oliver akaomba nyingine, na Kwamboka akakubali kushona ya kufunika mbele tu, yenye vifungo vya kufunguka kwa mkono mmoja. Ila akaweka sharti: kila onyesho yeye mwenyewe awepo, na akisema mvue, farasi avuliwe.

Septemba, baada ya zamu moja, Kwamboka aliinua mkono kuashiria Jaspa avuliwe. Umati ukaguna. Oliver akashuka, akaanza kufungua vifungo, na Kwamboka akashika hatamu.