Meno ya Zena na Kompyuta ya Chang'ombe

Nilitoka Chemba kwa sababu ya meno ya mjukuu wangu Zena. Ya juu yalikuwa yamepandana kama kuni zilizofungwa ovyo. Daktari wa meno wa Dodoma alishachukua umbo la meno yake kwa plasta, sasa tulifuata jibu: meno mawili mazima yang'olewe au yaachwe.

Alfajiri tulipanda lori la mbuzi. Msicheke, basi lilikuwa bovu. Haneti tukanywa chai. Mayamaya tukashuka kusukuma.

"Babu, wakining'oa nitafanana na wewe," Zena akanichokoza.

Mimi wazee waliniondoa mawili ya chini nikiwa kijana, ndiyo ilikuwa desturi. Nililia, sifichi. Nikamwambia, "Mke wangu, pengo langu lina heshima. Lako litakuwa la nini?"

Saa nane mchana tukafika Chang'ombe, mtaa wa Dodoma mjini. Miaka ile ya soko huria hata kompyuta zilikuja mitumba, na daktari, binti mdogo tu, alikuwa nayo moja. Mashine kubwa za kupimia meno hakuzimudu kwa bei. Alipiga picha zile plasta, akaziingiza humo, akapima kwa kubonyeza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tupe habari."

"Nafasi haitoshi. Itabidi tung'oe."

Zena akaanza kulia. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini mizinga ya nyuki nimechonga maisha yangu yote. Nikasogelea kioo cha kompyuta. Picha zilikuwa mbili: ya meno, imepigwa karibu, ina rula pembeni; na ya taya, imepigwa mbali, bila rula.

"Hii ya taya rula yake iko wapi?"

"Nimetumia ya kwenye picha ile nyingine, mzee."

"Sisi mdomo wa mzinga na kifuniko chake tunavipima kwa kijiti kimoja. Ukitumia viwili, kifuniko kinagoma, unalaumu mzinga."

Akajipiga paji la uso. "Lo! Mzee umenishika! Taya iliyopigwa mbali nimeipima ndogo kuliko ilivyo."

Akapiga picha moja ya plasta nzima, rula kando, akabonyeza upya. Akahakikisha pia kwa bikari juu ya plasta yenyewe. "Waya wa kunyoosha meno utatosha. Hakuna kung'oa."

Kesho yake tukapata basi la kurudi. Nilichojifunza ni hiki: kompyuta ile ni kitu cha maana, na ya bei ndogo inatosha, mradi anayeipa kazi aipe vizuri, na asiyesoma asione haya kuuliza.

Tulipovuka Haneti, Zena alikuwa akipitisha ulimi mdomoni, jino kwa jino.

"Yote yapo, Babu."

Nikamwambia arudie kwa sauti, abiria wote wasikie.