Mti wa Mwiko Nyuma ya Rosettenville

Nilitoka kwangu Randburg Jumamosi asubuhi kwa sababu Mama Furaha alinipigia simu akilia. Ni fundi cherehani kutoka Lubumbashi, na kanisa lao husali Jumapili juu ya kilima nyuma ya mtaa wa Rosettenville. Wiki iliyotangulia mzee anayeishi pale chini aliuzima moto wao wa chai kwa mateke. Alisema walikuwa wakichoma mti wa mwiko, usioruhusiwa kuchomwa. Wakirudia, hawatapanda tena kilima hicho. Mti gani, hakuna aliyeelewa. Mimi niliwahi kuuza miche Muheza, nikaonekana mtaalamu.

Nilimkuta chini ya kilima, kwenye robot, zile taa za barabarani, akisokota ncha ya kitenge.

"Dada, tuliokota kuni za kukauka tu. Sasa batu banasema tunaloga."

"Mliokota au mlivunja?"

"Tulivunja kidogo."

Niliogopa. Mji huu ukianza kufukuza wageni haungoji maelezo.

Tulipanda. Katikati ya kilima, upande unaopigwa na jua, miamba imepasuka. Ndani ya nyufa vilisimama vichaka vya kijivu visivyo na jani. Hata mimi ningekata kuni. Nilikwangua gome kwa ukucha: chini yake kijani kibichi. Matawi yalitoka mawili mawili, yakitazamana. Nikapekua kati ya mawe mpaka nikapata jani nene lenye vinyweleo na tunda lililosinyaa, lenye mbegu ngumu kadhaa. Mate yalinijaa. Ulikuwa mviru. Viru nimekula utoto wangu wote, ila sikuwahi kuuona mti wake ukiwa mtupu hivi.

Mawe yaliporomoka nyuma yetu. Alikuwa yule mzee, na vijana wawili wenye fimbo.

"Mmerudi kuvunja," alisema kwa Kiingereza.

"Baba, tumekuja kuujua. Ni huu?" Nilimnyooshea tunda. "Kwetu tunalila. Hatukujua kama mti uko hai."

"Umviyo," aliutaja kwa lugha yake. "Ukiuchoma, ng'ombe huzaa madume matupu. Wangu kule nyumbani wamezaa madume mwaka huu."

Mama Furaha akachomoa mkasi kwenye mkoba, na vijana wakasogea. Alikata ukanda wa kitenge alichovaa, akaufunga kwenye kichaka.

"Kesho kila mtu ataona, Baba. Hatutagusa." Akaenda kichaka cha pili, kisha cha tatu.

Mzee alikaa juu ya jiwe akimtazama. "Huku juu mnaombea nini?"

"Makaratasi ya kukaa huku, Baba."

"Eish." Fimbo zilishuka. "Basi niombeeni na mitamba, nipate majike."

Nilirudi Randburg jioni, nikijua kwamba miaka yote hiyo nilijua tunda tu, mti sikuujua. Jumapili, Mama Furaha alinisimulia, walipanda na chai kwenye chupa, bila kuwasha moto. Waliomba makaratasi, kama kawaida. Kisha wakapiga magoti tena kati ya vitambaa vya Mama Furaha, wakamwombea mzee yule mitamba.