Kaburi Tulilomchagulia Ndugu wa Susu

Kwetu mtu huzikwa shambani kwake, karibu na mahindi, mahali wajukuu watamkanyaga wakifukuza kuku. Makaburi ya mjini Machakos yalikuwa ya waliofia mbali na kwao: wazungu wa serikali ya zamani, wasafiri, na wagonjwa ambao hakuna aliyekuja kuwachukua. Mama yangu alipopita pale alikaza mwendo na kushika mkono wangu kama vile kuna mtu angeniita. Basi fikiria aibu yake siku mama mkwe wake, yaani nyanya yangu, alipoanza kwenda kupalilia huko.

Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, alikuwa na ndugu mmoja tu. Aliondoka kwetu Kalama kwenda vita vya Hitler kabla hajaota ndevu vizuri, na hakurudi. Hakuna aliyekuja kusema amekufa. Wenzake walirudi na makoti mazito na hadithi za Burma, lakini kila mmoja alidai hakuwa naye kikosi kimoja. Susu akazeeka bila kujua kama amlilie au amngojee, na hilo lilimkera kuliko magoti yake mabovu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa darasa la nne, tulimaliza kuuza ndengu sokoni akanipeleka kwenye makaburi yale ya mjini, upande wa askari. Palikuwa na mnara mfupi wa kumbukumbu na mawe yaliyopangwa mistari.

"Soma," akasema.

Nikasoma majina yote ya mnarani, kisha jiwe moja moja. Ndugu yake hakuwepo. Kwenye kona kulikuwa na jiwe limeshikwa na kuvu hadi nusu. Maandishi yaliyoonekana yalisema tu kwamba hapa amelala askari ambaye jina lake Mungu analijua.

Susu akapiga makofi. "Ndiye huyu! Kama hayuko kwa wale wako na majina, ataenda wapi?"

Hoja hiyo ilinishinda, na sijui mwalimu gani angeiweza.

Tangu hapo kila tulipokwenda soko wakati wa likizo tulipitia pale. Susu aling'oa magugu huku akimpasha ndugu yake habari: mvua imechelewa, ng'ombe amezaa dume tena, mke wa fulani amerudi kwao. Alimsengenyea kijiji kizima. Mimi nilikaa kivulini nikila chapati kutoka kwenye kiondo, nikisikiliza mambo ambayo nyumbani ningefukuzwa nisiyasikie. Sijawahi tena kuwa na raha ya namna ile, na ninaitamani hadi leo.

Nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi tulipofika siku moja tukakuta kaburi limepaliliwa. Bibi mmoja mzee, mwembamba, alikuwa amepiga magoti pale akimwagia maji ua alilopanda.

"Mwaitu," Susu akamwita kwa heshima, ingawa sauti haikuwa na heshima yoyote, "unafanya nini kwa kaburi ya ndugu yangu?"

"Ndugu yako? Hii ni ya bwana yangu. Nimetoka Kivaa na gari mbili kumwona."

Mumewe aliitwa vitani akamwacha na mimba. Mtoto alipokua akaja kumsomea mawe yote, jina la baba yake halikuonekana, na mama akaamua lazima awe ndiye huyu asiye na jina. Nilitaka kucheka. Nikatazama nyuso zao, nikaacha.

Waligombana hadi wakachoka. Mwishowe Susu akaamuru jiwe lisuguliwe, huenda chini ya kuvu kuna kitu kitakachoamua. Nikasugua kwa makonge na maji ya yule bibi. Herufi na tarakimu za mwaka zikatokea moja baada ya nyingine, nami nikatamani zirudi zilikotoka.

"Inasema nini?" wakauliza pamoja.

"Susu, huyu alikufa vita vya kwanza. Ndugu yako alikuwa hajazaliwa."

Yule bibi wa Kivaa alifunika uso kwa leso. Susu alilitazama jiwe, nami nilimwona akimpoteza ndugu yake pale pale, mchana, huku watu wakipita barabarani na mboga zao.

"Huyu naye alikuwa na dada," akasema. "Sasa hata huyo dada ameshakufa."

Akapiga magoti upande wake. Yule bibi akasogea kidogo kumpa nafasi, wakamalizia magugu yaliyobaki.

Tulipofika nyumbani aliketi chini uani, akavua kitambaa cha kichwa, akamwambia baba yangu, "Ndugu yangu amekufa."

Mama, ambaye miaka yote alikuwa akizilalamikia safari zetu za makaburini, aliepua sufuria na kwenda kuwaita majirani. Walikuja na kuni, sukari na majani ya chai, wanawake wakamzunguka wakaanza kuimba. Mzee mmoja aliyechelewa akamwinamia Susu na kumuuliza taratibu marehemu alifariki lini.

"Leo," Susu akasema, na ndipo akalia.